Dabo tatu nilizobeba: .500, .450/400 na .470

Dabo ni bunduki ya mitutu miwili, na namba kama .500 ni kaliba yake, yaani upana wa risasi kwa inchi. Ile .500 Nitro Express niliinunua kwa sifa tu. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nipate leseni ya uwindaji bingwa, ya kuongoza wageni wanaokuja kuwinda, na kambini kila mkubwa alikuwa na bunduki yake ya mitutu miwili yenye hadithi zake. Mimi nilikuwa natembea na .458 ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila baada ya risasi, mali ya kampuni. Nikaapa kwamba siku nikinunua yangu, nanunua kubwa kuliko zao.

Sasa ni misimu 11 imepita na ninayobeba ni .470. Naandika kwa sababu vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali lilelile, wanunue dabo ya kaliba gani, na wengi wameshajijibu kabla hawajauliza.

Kwanza tuelewane dabo ni ya nani. Mgeni anayempiga mbogo kwa mita 80, bunduki ameiegesha kwenye fimbo tatu, hana shida na dabo. .375 H&H inamtosha, na ndipo sheria yetu inapoanzia kwa wanyama hatari. Dabo ni ya yule anayesimama nyuma ya mgeni. Kazi yake inaanza mambo yakishaharibika: mnyama kajeruhiwa, kaingia matetani, na anayetakiwa kumfuata ni wewe. Huko unapiga kwa hatua kumi na tano au chini ya hapo, na faida yote ya mitutu miwili ni kwamba risasi ya pili ipo tayari bila kugusa bolti. Kwa hiyo kaliba mimi naipima kwa risasi ya pili. Ya kwanza kila mtu anaiweza.

Risasi ya .500 ina gramu 37 na inatoka kwa mita kama 655 kwa sekunde. Ya .470 ina kasi hiyohiyo, ila uzito wake ni gramu 32. Gramu tano ukizisoma kwenye boksi unacheka. Bega halicheki. Na ili teke, ule msukumo wa bunduki kurudi begani, livumilike, bunduki yenyewe lazima iwe nzito; yangu ilikaribia kilo tano na nusu. Siku ya nne ya kufuata nyayo, mzee wetu wa nyayo, mtu wa Liwale, aliniangalia ninavyoihamisha bega hili kwenda lile, akasema, "Mwanangu, umeibeba wewe au imekubeba yenyewe?" Sikumjibu.

Kwenye kuipima nilipiga risasi nne vizuri tu. Ya tano mkono ulikuwa na jasho, sikuishika sawasawa, kidole kikagonga kifyatulio cha pili na mitutu yote ikalia kwa pamoja. Nilijikuta nimekaa chini, kofia iko nyuma yangu, pua inachuruzika damu. Askari wa wanyamapori alikuja mbio akidhani bunduki imepasuka. Fundi aliyeniuzia, jina tuliache, alisema kosa ni la mkono wangu. Kwa siku ile ni kweli. Lakini fundi mwingine alipoifungua alikuta vifyatulio vyepesi kuliko inavyofaa kwa bunduki ya teke lile, akavirekebisha. Nunua dabo yoyote, hilo lipime kabla hujatoa hela.

Jambo la pili nililojifunza kwa maumivu ni risasi zenyewe. Mitutu ya dabo haijaunganishwa sambamba. Imeelekezwa ikaribiane kwa mbele, na fundi anaipatanisha kwa risasi ya aina moja, uzito mmoja na kasi moja, ili yote miwili ipige pamoja kwa umbali aliouchagua. Mimi nikanunua boksi la aina nyingine kwa sababu lilikuwa rahisi. Kwa mita 50, mtutu wa kulia ulipiga kushoto na wa kushoto ukapiga kulia, kati ya matundu inaingia shubiri nzima. Risasi zilikuwa na kasi kupita ile iliyotumika kupatanisha. Zingekuwa za polepole, kila mtutu ungekwenda upande wake. Kwa hiyo kuchagua kaliba ni pamoja na kuchagua risasi ambayo utaendelea kuipata miaka kumi ijayo.

Msimu uliofuata, bega likiwa bado halijanisamehe, kampuni ilinipa .450/400. Jina linachanganya: ni ganda la .450 lililobanwa shingo kupokea risasi ya .400. Risasi ina gramu 26, mita kama 625 kwa sekunde, na ile bunduki haikufika hata kilo nne na nusu. Niliidharau. Nilijua habari za Bell wa Karamoja, mwindaji wa zamani aliyeua tembo wengi kwa bunduki ya milimita 7, lakini yule alichagua pa kusimama na wakati wa kupiga. Sisi tunachaguliwa na mbogo.

Septemba, kusini mwa Selous, mgeni akampiga dume nyuma mno, tumboni. Tukasubiri nusu saa, tukaanza kufuata damu, na ndani ya damu mlikuwa na majani yaliyotafunwa. Hiyo ni dalili mbaya. Tulipofika kwenye kichaka kinene mzee akasimama, akaonyesha kwa kidevu. Mimi nilichoona ni sikio tu. Kisha kichaka kizima kikaja. Kwa mtutu wa kulia nikampiga kifuani, akapiga goti, akainuka. Mtutu wa kushoto ukampata shingo inapoingia begani, akalala. Kutoka kwenye maganda yangu hadi kwenye pua yake tulihesabu hatua tisa. Ninachokumbuka ni kile kishanga cheupe cha mbele ya mtutu: baada ya risasi ya kwanza kilirudi chenyewe mahali pake. Ningekuwa na ile .500, wakati ule ningekuwa bado naangalia matawi.

Basi kwa nini sina .450/400 leo? Kwa sababu ya tembo, na kwa sababu ya risasi. Kwa mbogo na simba ningebaki nayo bila kinyongo, na mtu mwembamba kama mimi namshauri aanze nayo. Ila angalia maandishi kwenye mitutu, maana ipo ya ganda la urefu wa inchi 3 na ya inchi 3¼, na risasi zake haziingiliani. .470 ndiyo dabo ninayoiona sana kwa wageni, na risasi zake hutengenezwa na viwanda vingi. Ukikumbuka kwamba kwenye ndege abiria anaruhusiwa kilo 5 tu za risasi, utaelewa kwa nini sitaki kaliba ya kuagizia. Chekesho ni kwamba .470 haikuzaliwa kwa ubora. Waingereza walipiga marufuku .450 kule India na Sudan mwanzoni mwa karne ya 20, wakihofia risasi zake zitumike kwenye bunduki za zamani za jeshi zilizokuwa mikononi mwa waasi, ndipo mafundi wakabuni .465, .470 na .475 kukwepa sheria.

Yangu ina kilo 4.9. Mtutu wa kulia naweka risasi laini, inayotanuka ikimpata mnyama, wa kushoto ngumu, inayopenya bila kutanuka. Teke lipo, silifichi, ila narudi kwenye shabaha kwa wakati. Za .577 na .600 nimezipiga mara moja moja kwa hisani ya wageni, na sina la kuongeza zaidi ya kwamba .600 ina risasi ya gramu 58 na bunduki ya kilo kama saba. Azibebe anayetaka.

Ile .500, baada ya taratibu zote za polisi, aliichukua mwenzangu mmoja mpana wa mabega. Anaisifia kila tukikutana. Mbogo bado hajampiga nayo.