Uchambuzi: Madrasa ya Sultani Hassan ya Kairo, Tukiipima kama Shule

Assalaam alaykum watazamaji wetu, karibuni tena. Majengo ya kale huchambuliwa zaidi kwa jicho la mtalii, anayetaka kujua lina urefu gani na picha ipigwe upande upi. Leo ninaichambua Madrasa ya Sultani Hassan iliyoko Kairo, chini ya ngome ya Salah al-Din, kwa kazi iliyojengewa, yaani kusomesha na kulaza wanafunzi, na hukumu yangu itafuata kipimo hicho.

Ujenzi ulianza mwaka 1356, miaka michache tu baada ya tauni kuu kuangamiza watu wa Misri. Mtu atauliza fedha za jengo kubwa kiasi hiki zilipatikana wapi katika nchi iliyofiwa namna ile. Sehemu ya jibu imo katika msiba wenyewe, kwa kuwa mali za marehemu wasioacha warithi ziliingia katika hazina ya dola. Mwanahistoria al-Maqrizi anasimulia kwamba ujenzi ulikula dirhamu 20,000 kila siku kwa miaka mitatu, na kwamba Sultani mwenyewe alikiri angeuacha njiani lau si kuona haya, isije ikasemwa mfalme wa Misri ameshindwa kumaliza jengo lake. Huyo ndiye Hassan, aliyetawazwa akiwa bado mtoto mwaka 1347, akaondolewa mwaka 1351, na kurudishwa mwaka 1354.

Tuanze langoni. Lina kimo cha karibu mita 38, na limegeuzwa kidogo, halikufuata mstari wa ukuta, ili anayekuja kutoka upande wa ngome alione mapema. Msitosheke kutazama juu. Sogeeni karibu na mawe ya pembeni, mtaona mahali ambapo maua yamechorwa kwa mistari tu juu ya jiwe na patasi ya fundi haikuendelea. Jengo hili halikupata kukamilika kama lilivyokusudiwa, na ushahidi wake uko hapo, kwenye usawa wa macho.

Baada ya lango mnapita katika ukumbi wenye kuba, kisha ushoroba wenye giza unaopinda zaidi ya mara moja, ndipo mnatokea ghafla kwenye ua uliojaa mwanga. Wengi husifu mshangao huo. Mimi ninausifu ushoroba kwa sababu nyingine: kelele za barabarani zinaishia humo, na pale unapopinda ndipo jengo linapogeuka kutoka mstari wa barabara kuelekea kibla, bila anayetembea kuhisi.

Ua una upana wa zaidi ya mita 30, na kila upande una liwani, yaani ukumbi wenye kuta tatu na dari ya tao, ulioachwa wazi upande wa nne. Liwani ya kibla ndiyo kubwa kuliko zote, na juu ya kuta zake umezunguka mkanda wa lipu wenye aya za Suratul Fat'h kwa hati ya Kufi, herufi zikiwa zimepandishwa juu ya majani na maua yaliyosokotana. Ni kazi ya kumfanya mtu asahau alichokuja kukisomea. Kwa darasa la kawaida ukumbi huo ni mkubwa kupita kiasi, lakini tukumbuke kuwa madrasa hii ilikuwa pia msikiti wa Ijumaa.

Shule yenyewe imejificha pembeni, na hapa ndipo ninapoona akili ya mjenzi. Kwenye kona za ua kuna milango minne, mmoja kwa kila madhehebu ya Sunni: Hanafi, Maliki, Hanbali na Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kila mlango unaingiza katika madrasa kamili, yenye ua wake mdogo, liwani yake ya masomo, na vyumba vya wanafunzi vilivyopandana ghorofa juu ya ghorofa, vingi vikiwa na madirisha yanayotazama nje. Hati ya wakfu iliweka sheikh mmoja na wanafunzi 100 kwa kila madhehebu, ikagharimia pia waganga na walimu wa mayatima. Kwa hiyo watu walisali pamoja, wakasoma mbalimbali, na hakuna darasa lililolazimika kupandisha sauti ili kulishinda lingine.

Kasoro zake zinatokana na ukubwa. Mwaka 1361 mnara uliokuwa juu ya lango uliporomoka, ukaua watu wapatao 300, na mwaka huohuo Sultani akauawa. Mwili wake haukupatikana, hivyo kaburi tukufu alilojiandalia nyuma ya ukuta wa kibla halikumpokea. Kisha, kwa kuwa paa linatazamana na ngome, maamiri waasi waliligeuza kuwa mahali pa kushambulia watawala, hata Sultani Barquq akaamuru mwaka 1391 ngazi za kupandia zibomolewe. Jengo la elimu halipaswi kuwa na faida ya kivita, na hili lilikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Kama shule ninalipa alama nane kati ya kumi, zote nane zikitoka kwenye zile madrasa nne za ndani. Mkifika, msilichanganye na Msikiti wa al-Rifai ulio jirani, ambao ulianza kujengwa mwaka 1869. Kuba la kaburi mtakaloliona si la asili, ni la karne ya 17. Mlango mkuu wa shaba nao haupo. Sultani al-Muayyad Shaykh aliuchukua mwanzoni mwa karne ya 15 kwa dinari 500, na hadi leo uko kwenye msikiti wake, kando ya Bab Zuwayla, lango la kale la mji wa Kairo.