eFootball ya simu nikiwa Tanga: apdeti zake, taktiki, na hii lagi inayotunyima magoli

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya wale wanaoniuliza kila siku kama eFootball ya simu, lile gemu la mpira la kampuni ya Konami, bado inalipa kuchezwa huku kwetu Tanga au bora mtu ashushe gemu la oflaini akae kwa amani. Jibu langu inalipa, tena sana, ila kuna kitu kimoja watu wengi wanakikwepa. Timu yako uipange kwa kuangalia mtandao wako, usiipange kwa kuangalia video za watu walioko mbali huko ambao wanabonyeza kitufe na mchezaji anaitikia hapohapo. Yaani wewe unachukua fomesheni yake vilevile, unaingia nayo uwanjani, unapigwa nne bila, halafu unasema gemu bovu.

Kwanza nianze na apdeti maana ndo zinaleta ubishi kuliko vyote. Tuliokulia PES, jina la zamani la gemu hili, tunakumbuka jinsi mambo yalivyoanza, Konami walilifuta jina la PES mwaka 2021 wakaja na eFootball ya bure, wakaiacha injini yao ya Fox (programu inayoliendesha gemu) wakahamia Unreal, na ilipotoka kwenye konsoli na kompyuta tarehe 30 Septemba 2021 dunia nzima iliwasema, sura za wachezaji zilikuwa za kutisha, kule Steam, duka la magemu ya kompyuta, watu waliiponda mpaka kampuni yenyewe ikatoka hadharani kuomba radhi ndani ya siku chache. Toleo la 1.0.0 lilitakiwa litoke Novemba mwaka huohuo wakalisogeza mpaka tarehe 14 Aprili 2022, na sisi wa simu tukahamishwa kutoka PES 2021 tarehe 2 Juni 2022. Watu walinuna sana na kule kusogezwa lakini mi mpaka leo nasimama na wao kwenye hilo, bora walivyotusubirisha kuliko wangetuwahishia kitu kibichi kwenye simu zetu hizi za RAM ndogo, maana PES 2021 tuliyokuwa nayo ilikuwa inachezeka vizuri tu na hakuna aliyekufa kwa kuisubiri apdeti.

Sa hivi mwendo wake umeshaeleweka. Kila Alhamisi asubuhi kuna matengenezo, ukiamka ukakuta hauingii usianze kufuta programu na kuishusha upya, subiri tu mchana utaingia. Hiyo Alhamisi ndo hali za wachezaji zinabadilishwa kutokana na walivyocheza mechi zao za kweli, kuanzia A mpaka E, na hapa ndo nawashangaa wachezaji wengi wazuri kabisa wanaingia Ijumaa na kikosi kilekile cha juzi bila hata kukikagua, straika wake yuko E, amepoa, halafu analaumu mtandao. Mi Alhamisi jioni ni lazima nifungue kikosi, yule aliye A au B hata kama kadi yake ya kawaida anaanza, mwenye E anakaa benchi hata awe nani.

Zile apdeti kubwa za mwaka huwa zinaangukia mwezi wa nane au wa tisa, na hizo ndo za kujiandaa kweli. Gemu lenyewe ukijumlisha na mafaili yanayoshuka ndani linapita gigabaiti mbili, kwahiyo kama unategemea bando la simu weka bando la usiku, uache inashuka umelala, tena hakikisha simu ina nafasi ya kutosha kabla hujaanza maana ikijaa katikati inagoma na bando lako limeshaliwa. Mechi zenyewe hazili bando kihivyo, kinachokula ni apdeti. Na nyingine, apdeti kubwa ikitoka usikimbilie divisheni, zile mechi za kupanda daraja dhidi ya watu mtandaoni, siku hiyohiyo, uzito wa pasi huwa unabadilika, mabeki wanakaba tofauti, kipa anatoka tofauti, ile pasi ya kupenyeza uliyoizoea mwaka mzima inaweza ikawa inaishia miguuni kwa beki. Cheza na kompyuta kwanza mpaka vidole vizoee, ndo uende kwa watu. Hii Smart Assist waliyoileta, inayokusaidia kuchagua pasi na mashuti, najua kijiweni inatukanwa kwamba ya wasiojua mpira, mi siichukii, anayeanza leo imsaidie, ila ukishajua kucheza itoe kwa sababu inakuchagulia kitu ambacho wewe hukukitaka na huku kwetu tayari tuna kuchelewa kwa kutosha, hatuhitaji na mtu wa pili kuamua juu ya vidole vyetu.

Sasa hiyo lagi yenyewe, yaani gemu kuchelewa kuitikia. Watu wanaisema kama ni kitu kimoja, wakati zipo za aina mbili na dawa zake tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya mtandao. Unapobonyeza pasi, ile taarifa inasafiri, na mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, inasikika kama kasi ya ajabu lakini piga hesabu, kila kilomita 1,000 za waya kwenda na kurudi ni milisekunde 10, kwahiyo kama kebo ni ya kilomita 10,000 umeshapoteza milisekunde 100 kabla hujaongeza mnara, foleni ya watumiaji, na simu ya mwenzio huko aliko. Na gemu likienda picha 60 kwa sekunde, milisekunde 100 ni picha sita zimepita. Beki ameshanyoosha mguu, wewe bado unaona mpira uko kwako. Hii haitibiki na apdeti yoyote, ni umbali. Na njia zenyewe zinazotutoa sisi ni kebo za chini ya bahari, tuliona wote tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika kule kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi karibu nzima ikawa inatambaa, wiki ile hata kutuma picha ilikuwa kazi sembuse kucheza divisheni.

Ila kuna sehemu ya mtandao iliyo mikononi mwako. Laini niliyokuwa natumia mwanzo, sitaitaja, ilikuwa inaonyesha 4G na vipau vyote vimejaa halafu katikati ya mechi inaruka 3G inarudi 4G inaruka tena, na kila ikiruka mpira unastaki sekunde nzima, unarudi unakuta mpinzani yuko peke yake na kipa wako. Nikapiga simu huduma kwa wateja wananiambia zima simu uwashe. Dawa niliyoipata ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuifungia kwenye 4G peke yake isihangaike kuruka, na kuhamia laini ambayo mnara wake uko karibu na ninapokaa hapa Ngamiani, hata kama kwenye kupima spidi ilikuwa inatoa namba ndogo kuliko ile ya kwanza. Spidi kubwa ya kushusha mafaili siyo pingi ndogo, yaani muda taarifa inaotumia kwenda na kurudi. Gemu linataka mtandao uliotulia, basi. Ukiwa na spidi ya Mbps 20 iliyotulia ni bora kuliko 80 inayoruka ruka. Kwa wenye waifai nyumbani, kama simu yako inakubali GHz 5 tumia hiyo ukiwa chumba kimoja na ruta, hiyo 2.4 kwenye nyumba zetu za kupanga zilizobanana kila jirani yumo humo humo.

Na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne kama hujajaliwa laini nzuri kaa kando, watu wote wako mtandaoni muda huo.

Lagi ya pili ni ya simu yenyewe na hii wengi hawaijui kabisa wanaichanganya na ya mtandao. Tanga joto lake lina unyevunyevu, kwenye ule mwezi wa pili mpaka wa tatu unacheza huku kidole kinateleza kwenye kioo kwa jasho, na simu ikichemka inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue, picha zinashuka, gemu linakuwa zito. Utaona pingi iko sawa lakini mchezaji anageuka kama amebeba gunia. Hapo toa kava, usicheze huku unachaji, shusha ubora wa picha kwenye mipangilio, funga programu zingine zote. Na earphone za bluetooth ziache, sauti yake inakuja nyuma ya picha, unasikia shuti wakati mpira umeshaingia, inakuvuruga kichwa.

Haya taktiki, hapa ndo nataka nikae.

Kwenye mtandao mzuri mi napenda kumiliki mpira, Possession Game, pasi fupi fupi, namba sita anashuka kuchukua, namba kumi anazunguka. Mtandao ukiwa mbaya hiyo naizima kabisa. Kwanini? Kwa sababu pasi fupi kwenye msongamano inahitaji uone mpinzani anakuja na uachie kabla hajafika, na wewe unachokiona ni cha zamani, ameshafika. Na Quick Counter ndo mbaya zaidi, maana inapandisha timu nzima kwenda kukaba juu, ukikosea kuingia mara moja tu, na kwa lagi lazima ukosee, nyuma kuna uwanja mtupu. Ndo maana nasema kwa sisi Long Ball Counter siyo ushamba kama wanavyosema, ni akili. Mabeki wanakaa chini, nafasi nyuma yao ni ndogo, huhitaji kuitikia haraka, mpinzani akija anakutana na ukuta, ukiupata mpira pasi moja ndefu kwa straika uliyempa maelekezo ya Counter Target abaki juu. Vitendo vichache, na kila kitendo kinachopungua ni kuchelewa kumoja kumepungua.

Kwenye kukaba ndo tunapofungwa wengi. Acha kumtoa beki wa kati. Nasema tena, acha kumtoa beki wa kati, ukimtoa kwa lagi hatarudi. Shika kiungo mkabaji, mweke namba sita mwenye mtindo wa Anchor Man, wa kubaki nyuma kulinda, mpe na maelekezo ya Deep Line ashuke katikati ya mabeki, wewe mwongoze huyo tu kuziba njia za pasi kwa kitufe cha Match-up bila kunyoosha mguu, mpira utaupata tu mpinzani akijichanganya mwenyewe. Ukiwa na kadi ya Vieira au Gullit hapo raha yake usiseme, miguu mirefu inaokota hata pasi usiyoitegemea, lakini hata kiungo wa kawaida mrefu wa kununua kwa GP, zile pointi za ndani ya gemu, anafanya kazi hiyo, usiingie kwenye pesa kwa ajili ya hilo. Kwenye kushambulia chenga ziache kabisa, ile Stunning Shot ambayo mchezaji anavuta mguu kwanza ndo apige nayo iache labda uko huru kabisa nje ya boksi, maana muda anaovuta mguu ukijumlisha na lagi yako beki amekuja amekunywa na chai. Piga mapema, shuti la kawaida la chini kona ya mbali. Na bonyeza pasi kabla mpira haujamfikia mchezaji wako, siyo baada, gemu linakubali kupokea amri mapema na hiyo peke yake inakurudishia nusu ya kilichopotea.

Kuna watu watasema huo mpira mbaya, unapaki basi. Kwa roho safi nawaambia njooni mcheze na mtu wa Indonesia saa tatu usiku ukiwa Ngamiani halafu tuongee. Wakati tukikaa kijiweni barazani tukaunganisha simu zetu waifai moja na kucheza Friend Match, hapo naachia kila kitu, chenga, tobo, pasi za kisigino, kwa sababu mchezaji anaitikia, unahisi kabisa hili gemu limetengenezwa na watu wanaojua mpira, jinsi mchezaji anavyopokea kwa mguu wake wa nguvu, jinsi beki anavyosukumana na straika bega kwa bega. Hapo ndo utajua gemu halina ubaya wowote, na ndo maana linaniuma zaidi kuona vijana wa hapa wanaliacha kwa kudhani hawajui kucheza, wakati wanajua, nimewaona, kuna dogo mmoja barabara ya kumi na mbili huko akikushika kwenye waifai ya pamoja hugusi mpira lakini divisheni yake iko chini kabisa sababu bado anacheza posesheni kwenye laini inayoruka.

Kwenye apdeti ijayo ninachokitamani siyo kadi mpya wala jezi mpya. Natamani kupangiwa wapinzani wa karibu kwanza, mtu wa Dar, Mombasa, Nairobi, Kampala, kabla ya kurushwa upande wa pili wa dunia, hata kama nitasubiri dakika mbili zaidi kumpata mpinzani nitasubiri. Na kwa ligi zetu hizi kuchangamka namna hii natamani siku moja niingie na Coastal Union ya kweli na jezi yake, hapo nitalia.

Naipa nyota nne. Aliyeko Tanga mwenye timu ya kaunta anayejiamini aache namba ya chumba hapo chini tupange Friend Match, ila iwe jioni kabla ya saa mbili, na Alhamisi iwe baada ya mchana.