Jigi za kibati kwa uvuvi wa krapi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Maziwa na mabwawa ya Marekani yana samaki waitwao krapi (kwa Kiingereza crappie) wa aina mbili, mweupe na mweusi, na wote wana tabia tatu zinazoamua ununue chambo gani. Macho yao huangalia juu, kwa hiyo hupanda kufuata chakula lakini ni nadra kushuka. Ngozi ya mdomo ni nyembamba, ukikurupuka kuvuta inachanika. Tena si samaki wa kukimbizana: chambo kikipita haraka, anakiacha kiende zake.

Kwa hiyo dukani usianze na rangi, hata kama ukuta mzima umepangwa kwa rangi. Anza na kujiuliza: chambo hiki naweza kukivuta polepole kiasi gani kabla kibati, yaani kile kibamba chembamba cha chuma, hakijaacha kuzunguka? Jigi yenyewe ni ndoano yenye kichwa cha risasi, iliyovishwa mkia wa mpira laini au manyoya. Kibati kinaongeza mng'ao na mtikisiko, na samaki aliye kwenye maji ya tope huhisi mtikisiko kabla hajaona kitu. Kikikwama, umenunua uzito wa bure.

1. Jigi yenye mkono wa waya (Johnson Beetle Spin na za namna yake)

Hii ndiyo ya kwanza kununua. Waya umekunjwa kama pini: upande mmoja unabeba kibati, upande wa pili unabana jigi, na kwenye kona ndipo unapofunga mshipi. Chukua ya wakia 1/16, yaani karibu gramu 1.8. Ya wakia 1/32 ni tamu kwenye maji ya kina cha futi 3 au 4, ila hairuki mbali upepo ukiwepo. Ya wakia 1/8 inazama haraka, ihifadhi kwa ajili ya maji marefu. Ya wakia 1/4 ni ya samaki wengine.

Ubora wake mkubwa ni kwamba waya unatangulia mbele ya ndoano, hivyo chambo kinapita kwenye matawi yaliyozama na nguzo za gati bila kunasa kila mara. Pia unaweza kuchomoa jigi na kuweka nyingine bila kukata mshipi.

Kabla ya kulipa, itazame kwa makini. Kibati kiwe cha mviringo, ule mtindo unaoitwa Colorado, kwa sababu huzunguka hata kwa mwendo mdogo. Kile kirefu chembamba kinadai kasi ambayo krapi haitaki. Pulizia kibati kwa mdomo: kisipozunguka hapo dukani, kiungo chake kimebana. Angalia pia kwamba mkono wa kibati uko sambamba na ndoano, juu yake. Ukiwa umepinda pembeni, chambo kitalala ubavu majini. Hilo unaweza kulinyoosha kwa vidole, lakini waya uliokunjwa na kunyooshwa mara nyingi hukatika.

Kosa la kawaida ni kufunga kibanio, yaani klipu ya kuunganisha mshipi na chambo, kwenye kona ya waya. Pale ambapo kona iko wazi, kibanio huteleza juu ya mkono na kibati hukwama. Funga mshipi moja kwa moja.

2. Jigi yenye kibati chini ya kichwa (Road Runner)

Kichwa chake kina umbo la kichwa cha farasi, na kibati kidogo kinaning'inia chini ya kidevu. Kwa maji ya baridi kiasi, au samaki wakiwa kwenye kina cha futi 10 na zaidi, hii inaipita ya kwanza: haina mkono mrefu wa kukamata maji, inashuka wima, na kibati chake hutetemeka hata inapozama. Uzito wa 1/16 au 1/8 unatosha. Tunaiweka ya pili kwa sababu ndoano iko wazi kabisa, na kwenye matawi utazipoteza nyingi.

Hapo ndipo aina ya ndoano inapokuwa na maana. Tafuta ndoano nyembamba ya waya laini, namba 4 au 6, mara nyingi ya rangi ya dhahabu. Ikinasa kwenye tawi, vuta polepole bila kushtua; itanyooka na kutoka, kisha unaikunja tena kwa koleo. Ndoano nene haikubali, utaishia kukata mshipi.

3. Mkono wa waya peke yake

Huuzwa bila jigi, kadhaa kwenye pakiti moja. Kama tayari unazo jigi za kawaida, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwani unaibana kwenye tundu la jigi na kazi imeanza. Hakikisha tundu halijazibwa na rangi. Kama limezibwa, litoboe kwa ncha ya ndoano nyingine. Jigi ikiwa nyepesi kuliko 1/32, kibati kikubwa kitaizidi nguvu na vyote vitazunguka pamoja.

4. Kibati kwenye mhimili (Mepps namba 0 au 00, Rooster Tail ya 1/16)

Zinanasa krapi, hilo halina ubishi, lakini zinasokota mshipi. Ukizitumia, weka kiungo kidogo kinachozunguka karibu inchi 18 juu ya chambo. Nyingi huja na ndoano ya ncha tatu, inayokamata kila jani na kumpa shida samaki unayetaka kumrudisha majini. Ni nzuri zaidi mahali palipo wazi, bila miti.

Zile seti za vipande mia kwa bei ya kutupa ziache. Vibati vyake havina mizani na ndoano zake ni butu.

Vifaa na namna ya kuvuta

Fimbo laini ya futi 5 na nusu hadi 7, mshipi wa nailoni wenye nguvu ya ratili 4, au 6 kwenye matawi. Nailoni hutanuka kidogo, na mtanuko huo unaulinda mdomo wa samaki. Mshipi wa kusokotwa hautanuki, kwa hiyo ukiutumia legeza breki ya rili.

Mkia wa mpira wa inchi 1.5 hadi 2 unatosha. Uvishe unyooke kwenye shina la ndoano. Ukikunjika, chambo kinajisokota. Maji safi, kibati cha fedha na mkia mweupe au wa kijivu. Maji ya tope, kibati cha dhahabu na mkia wa njano-kijani au mweusi. Zaidi ya hapo rangi ni mapambo. Mikia ihifadhi kwenye mifuko yake ya asili, maana mipira ya aina tofauti ikichanganywa huyeyushana.

Rusha, hesabu sekunde mpaka chambo kiguse chini. Mara ya pili anza kuvuta sekunde 2 au 3 kabla ya hesabu hiyo, ili kipite juu ya samaki. Zungusha rili kwa kasi ndogo kabisa inayokifanya kibati kizunguke, na mkono utausikia mtetemo. Mtetemo ukikatika ghafla, huenda ni jani, huenda ni samaki anayekuja na chambo kuelekea kwako. Inua fimbo taratibu, usikwapue, na mtoe kwa wavu wala usimning'inize kwa mshipi. Wakidona bila kunasa, fupisha mkia au badilisha kibati kiwe kidogo zaidi.

Msimu wa vibati ni majira ya kuchipua, maji yakiwa takriban nyuzi 16 hadi 20 za selsiasi, wakati krapi wanaposogea ufukoni kutaga. Chini ya nyuzi 10, ondoa kibati, tumia jigi tupu.

Leseni na kikomo hutofautiana kwa jimbo: Texas kwa jumla ni krapi 25 kwa siku, wasiopungua inchi 10, Minnesota ni 10. New Hampshire hairuhusu jigi ndogo za risasi, kwa hiyo huko nunua za tangsteni au bati.