Walifuta taa ya injini mara tatu, ugonjwa wakauacha

Nilisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, basi naandika hivyo hivyo.

Gari yangu ni Toyota IST ya 2003, inanibebea trei za mayai kutoka Chanika mpaka Ilala karibu kila alfajiri. Taa ya injini iliwaka kipindi mvua za vuli zinaanza. Ilikuwa inatembea vizuri tu, ila ukisimama kwenye foleni mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na mafuta yanakwisha upesi. Nikaipeleka gereji moja mjini wanaopima kwa kompyuta. Jina silitaji.

Kijana akachomeka waya chini ya usukani, akatazama kioo cha mashine, akabonyeza. Taa ikazima. "Tayari mama, elfu thelathini." Nikamuuliza imeandika nini. "Nimeshafuta." Umefuta nini? Akanijibu bila hata kunitazama: "Mama, hata nikikusomea utaelewa nini? Kaa pale kwenye benchi usubiri risiti." Wanaume wanne waliokuwa kwenye hilo benchi wakacheka. Nikalipa.

Taa ikiwaka, kompyuta ya gari huwa imehifadhi namba ya kosa. Ukiifuta, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipoingia: joto lake, mwendo, mizunguko. Hiyo ndiyo inayomwongoza fundi. Yule kijana alichana majibu ya maabara kabla daktari hajayasoma, halafu akanidai pesa.

Siku ya pili yake taa ikarudi. Kosa la aina hii kompyuta ya gari husubiri ilione katika safari mbili ndipo iwashe taa, kwa hiyo ule uponyaji wa jioni haukuwa na maana yoyote. Safari hii nilisimama begani kwake mpaka nikaona kwa macho yangu: P0171. Hewa imezidi, mafuta hayatoshi. Akasema sensa ya oksijeni imekufa. Wakanifungia nyingine, mtumba wa Japani, laki moja na ishirini. Taa ikafutwa, ikarudi. Mara ya tatu wakafuta tena, wakaniambia gari imezeeka, niiuze.

Jamani, sensa ile inakaa kwenye ekzosi kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kutoa taarifa. Ilikuwa inasema kweli kwamba hewa imezidi. Wao wakamng'oa shahidi.

Aliyeiponya ni mzee mmoja wa huku kwetu, anatengenezea chini ya mwembe, na mashine yake ni kidude kidogo kinachosomana na simu. Hakufuta kitu. Alinionyesha: gari ikiwa imesimama inaunguruma, kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 27, ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500, inashuka hadi 8. "Umeona mwanangu? Kuna hewa inaingia bila kupimwa." Akapulizia dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo, kwenye mipira ya nyuma ya injini. Alipofika kwenye kipira kifupi kinachorudisha mvuke wa oili, muungurumo ukabadilika palepale. Akakichomoa, akakikunja mbele yangu: ufa upande wa chini, urefu wa ukucha, kingo zake zimekakamaa kama ganda la muwa lililoachwa juani. Kipira na ufundi, elfu ishirini na tano.

Nilitaka niseme msiende kabisa gereji za kompyuta. Hapana, nitaionea mashine, maana ile namba ilikuwa sahihi. Na sikatai, sensa waliyonifungia inafanya kazi na waliifunga vizuri. Nilifikia hata kufikiria kuwapa nyota mbili. Lakini kila nikilikumbuka lile benchi! Mtu anayekuficha namba ya gari yako mwenyewe, kwa pesa yako mwenyewe, hapati hata nusu nyota kwangu. Popote mtakapokwenda, pigeni picha kioo cha mashine kabla fundi hajagusa kitufe cha kufuta. Akikataa, washa gari uondoke.

Mwezi na zaidi sasa taa haijawaka. Sensa yangu ya zamani, ambayo mzee anaamini ilikuwa nzima, niliifuata wakasema wameshaitupa. Sensa ya IST haitupwi Dar es Salaam hii, ina wateja kila kona. Ni mali yangu, naitaka.