Aljineti ya sodiamu kwa punje za jeli: nzuri, ila angalia dawa unayoitia

Kwa jeli ya kubana dawa tumboni na kuiachia utumboni, unga huu wa mwani wa kahawia ndio wa kuanzia: hautaki viyeyusho vyenye sumu wala joto.

Tumia gramu 2 kwa mililita 100 za maji yasiyo na madini. Nyunyiza kidogo kidogo maji yakizungushwa. Ukiumwaga wote kwa pamoja hufanya madonge yenye unga mkavu ndani. Uache usiku kucha mapovu yatoke, kisha udondoshe kwa sindano ya 21G (kipimo cha unene wake) ndani ya mmumunyo wa kloridi ya kalsiamu wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), ambamo matone huganda kuwa punje.

Kwenye pH 1.2, kama ya tumboni, punje husinyaa. Kwenye 6.8, kama ya utumboni, minyororo ya molekuli za aljineti hupata chaji na kusukumana, punje zikavimba. Bufa ya fosfeti (mmumunyo wa kushikilia pH wakati wa kupima) nayo hunyakua kalsiamu na kuzivunja, kwa hiyo usidhani kasi yote ya dawa kutoka unayoiona imeletwa na pH.

Udhaifu mkubwa: dawa inayoyeyuka sana majini hutorokea kwenye mmumunyo huohuo wa kalsiamu. Punguza muda wa kuloweka, au zivishe punje kitosani (polima itokanayo na magamba ya kamba na kaa). Na usiitakase aljineti kwa mvuke wa shinikizo; minyororo hukatika, mnato ukashuka.