Matairi mapya ya Toyota 86 yangu: yashike kona, yasipige kelele

Toyota 86, gari dogo la spoti, ilipotoka mwaka 2012, wapenzi wa magari walishangaa kukuta toleo la rimu za inchi 17 limefungwa Michelin Primacy HP, tairi la kistaarabu lililokuwa likifungwa pia kwenye Prius. Haukuwa ubahili. Waliolibuni walitaka gari jepesi, la kilo 1,200 na ushee, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, liweze kucheza mkia kwa spidi ambayo dereva wa kawaida bado analimudu. Ukilifunga tairi linaloshika sana, mchezo huo hauishi, unahamia kwenye spidi kubwa zaidi, na huko ukiteleza unateleza kweli.

Nayasema haya mapema kwa sababu mtu anayetafuta matairi ya gari kama hili haanzi na swali la mwenye IST, kile kigari cha Toyota cha kazi za kila siku. Yule anauliza litadumu muda gani na bei gani, basi. Mimi nilitaka vitu viwili ambavyo wauzaji wengi wa Dar wanaapa kwamba havikai nyumba moja: tairi linaloshika lami yenye maji, na tairi ambalo nikitoka nalo Dar mpaka Lushoto sitashuka masikio yakivuma.

Gari langu lilishuka bandarini na matairi ambayo si ya kiwandani. Kwa macho yalikuwa mazima, mifereji mirefu, hakuna ufa wa kutisha. Lakini namba nne za tarehe ubavuni zilionyesha yana zaidi ya miaka saba, na mpira ulishakauka. Vuli ilipoanza nikaanza kuona ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, inagugumia kwenye breki ambazo hata bajaji isingeziogopa. Kelele nazo zilikuwa za aina yake, mvumo wa kupanda na kushuka kuanzia spidi ya 60 hivi. Mke wangu alikaa kimya kwa muda, halafu siku moja akasema, "Baba Nuru, hili gari si litakuwa na beringi mbovu?" Fundi naye akasema beringi.

Kabla hujatoa hela ya beringi, fanya hivi. Tafuta barabara iliyo wazi, endesha kwa spidi moja, geuza usukani kidogo kushoto halafu kulia. Kelele ikikua unapolalia upande mmoja na kupungua upande wa pili, ishuku beringi. Ikibadilika pale unapohama kutoka lami laini kwenda lami yenye kokoto zilizotokeza, hilo ni tairi. Kisha zima gari na upitishe kiganja juu ya tairi, mbele halafu nyuma. Changu kilipita vizuri upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, kama nimepapasa msumeno. Vitalu vya mpira vilikuwa vimelika kwa mshazari, na tairi likishafika hapo litavuma hata liwe la kampuni gani. Beringi ikabaki ilipo.

Saizi ya 86 yenye rimu za inchi 17 ni 215/45R17: 215 ni upana kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu. Mtu wa kwanza niliyemuuliza alinishauri nihamie inchi 18, "gari lipendeze, mkuu." Nilikataa, na ningekataa tena. Ubavu wa 215/45R17 una urefu wa karibu milimita 97. Ukienda 215/40R18 unabaki na milimita 86. Hizo milimita 11 ndizo zinazoyabeba mashimo yetu na matuta yasiyo na rangi. Kupanua tairi hadi 235 au 245 nako kuna gharama yake: tairi pana lina mpira mwingi zaidi wa kupiga lami, kwa hiyo kwa kawaida linavuma zaidi, na kwenye maji yaliyotuama linaelea mapema kuliko jembamba. Mwenye injini ya farasi 200 hahitaji upana huo, labda awe anatafuta picha.

Kwenye alama za ubavuni, tairi la kiwandani liliandikwa 87W. Hiyo 87 maana yake kilo 545 kwa kila tairi, na W ni spidi ya hadi kilomita 270 kwa saa. Matairi mengi ya saizi hii siku hizi huja 91 na herufi XL, yaani yameimarishwa. Hakuna tatizo kuyafunga, ila ubavu wake huwa mgumu kidogo na utausikia kwenye matuta.

Kuhusu kelele, watu wanadanganyika na lebo ya Ulaya, ile karatasi ya alama inayobandikwa kwenye matairi mapya. Tangu Mei 2021 lebo hiyo ina alama ya mshiko kwenye maji, kuanzia A hadi E, na namba ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, pembeni ya herufi A, B au C. Desibeli hizo hupimwa na kipaza sauti kilichowekwa kando ya barabara, gari likipita injini ikiwa imezimwa. Yaani zinamhusu jirani yako, si wewe uliye ndani. Tairi lenye namba ndogo linaweza kukuvumia ndani kwa sababu sauti nyingine hupandia kwenye rimu, shokapu na bodi. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi nayo hulia kwa mlio wake. Ndiyo maana kampuni kadhaa hubandika povu ndani ya baadhi ya matairi yao, lakini kwa saizi yangu sikulikuta dukani. Kwa hiyo herufi ya maji niliiamini, desibeli nikazichukua kama dokezo tu.

Kilichonisaidia zaidi ni kuangalia mchoro wenyewe. Mifereji mipana inayozunguka tairi hutoa maji bila kupiga makofi mengi. Mifereji ya kukata kwa pembeni, hasa ile mikubwa iliyo wazi hadi begani, hubana hewa na kuiachia kila inapogusa lami, na hapo ndipo mvumo huzaliwa. Tairi zuri pia vitalu vyake havilingani ukubwa. Ukitazama kwa makini utaona kimoja kirefu, kinachofuata kifupi. Hufanywa hivyo makusudi ili sauti isirundikane kwenye noti moja. Matairi mengi ya bei ya chini niliyoonyeshwa yalikuwa na mchoro wa mshale, wa kuvutia kama chale, na mifereji iliyochanuka hadi pembeni.

Mwisho nikabaki na matatu. Primacy 4, mjukuu wa lile la kiwandani, la starehe zaidi kuliko spoti. Yokohama Advan dB V552, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya ukimya na jina lake halifichi. Na Michelin Pilot Sport 4, la spoti, lililotoka 2016, likiwa na mkanda wa nyuzi imara za aramidi na nailoni chini ya mpira ili lisitanuke ovyo kwenye spidi. Pilot Sport 5 lilishatoka tangu 2022, ila duka lenye saizi yangu lilikuwa na la nne, na bei yake ilikuwa imeshuka. Nikachukua la nne, 215/45 ZR17 91Y XL (Y ni spidi ya juu kuliko W). Hata hivyo lilinigharimu zaidi ya mara mbili ya yale ya mchoro wa mshale.

Kununua kwenyewe kulikuwa na mvutano. Duka la kwanza, silitaji, lilinitolea matairi manne, mawili ya mwaka mmoja na mawili yaliyokaa stoo miaka mitano. "Bosi, haya mapya kabisa, hata karatasi haijatoka." Karatasi kweli ilikuwepo. Lakini tairi halihesabu umri wake kuanzia siku ya kufungwa, na stoo ya bati kwa joto la Dar si mahali pa kulitunza. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Niliondoka. Duka la pili lilikuwa na manne ya wiki moja, na muuzaji hakuniuliza kwa nini nachuchumaa na tochi ya simu.

Wakati wa kufunga, simama hapo hapo. Tairi hili halina mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, lina neno OUTSIDE (nje) upande mmoja, na upande huo lazima utazame nje kwenye magurudumu yote manne. Kijana wa kwanza alitaka kulifunga moja kinyume kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta mshale. Hakikisha wanabalansi kila gurudumu, kisha nenda kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yakae sawa, siku hiyo hiyo. Alaimenti mbovu ndiyo iliyoyalisha yale ya zamani kwa mshazari, na haya nayo yangeenda njia hiyo. Upepo nilijaza asubuhi kabla ya kuendesha, kwa namba ya kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, nikatumia kipimo changu mwenyewe kwa sababu vya vituoni kila kimoja kina dini yake. Ukizidisha upepo, tairi linabeba gari kwa tumbo la katikati tu na linaanza kulia kama ngoma tupu.

Kilomita mia chache za kwanza yalikuwa ya kuteleza kidogo, hiyo ni kawaida ya mpira mpya. Baada ya hapo mvua ikanyesha, na tofauti haikuhitaji dereva bingwa kuiona. Breki zile zile, njia ile ile ya Bagamoyo, ABS imelala. Usukani unapogeuka, pua inafuata mara moja, wakati zamani kulikuwa na kanusu sekunde ka mashaka.

Mtihani niliousubiri ulikuwa Mombo kupanda Lushoto. Wanaoijua hiyo barabara wanaelewa: lami nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, kona baada ya kona hadi Soni, na Coaster inayoshuka katikati ya barabara kama vile ndiyo iliyoichonga. Si mahali pa kukimbia. Spidi ni ndogo, ila kona nyingine zinakaza ukiwa umeshaingia, na asubuhi ukungu huacha lami imelowa hata kama mvua haikunyesha. Hapo nilielewa kwa nini nililipa. Gari lilikaa kwenye mstari, na nilipoongeza mafuta kidogo kutoka kwenye kona zilizojikunja sana, mkia ulisogea taratibu, ukanipa taarifa, ukarudi. Kwa matairi ya zamani ungesogea bila taarifa. Mchezo ule wa kiwandani, wa mkia kucheza kwa spidi ya baiskeli, umepungua, hilo nakubali. Mwenye kuutaka huo anunue Primacy, na simcheki.

Kimya sasa. Kwenye lami laini, spidi ya 80 hadi 100, nasikia upepo kwenye vioo kuliko matairi, na ile sauti ya injini ambayo Toyota waliipitishia bomba hadi ndani sasa inasikika bila kugombana na mvumo. Mke wangu alilala kuanzia Segera, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye gari hili. Kwenye lami ya kokoto zilizotokeza, mvumo unarudi, mzito na wa chini, ingawa hauna ule mwimbo wa kupanda na kushuka. Sidhani kuna tairi la spoti litakalonyamaza kwenye lami ya namna ile. Sehemu kubwa ni gari lenyewe, ambalo halikuwekewa vizuia sauti vingi ili lisiwe zito.

Nayabadilishana mbele na nyuma kila nikifanya sevisi, kwa sababu ya nyuma ndiyo yanayosukuma na yanalika upesi. Kwa tairi lenye OUTSIDE unaweza hata kuvusha kushoto kwenda kulia, kitu usichoweza kufanya kwa la mshale bila kulivua kwenye rimu. Kiganja bado kinapita laini pande zote mbili.

Haya yakiisha nitatafuta Pilot Sport 5, kama bei itakuwa imepoa. Advan dB sijaliacha moyoni, ila si kwa 86. Ningekuwa na Crown, ile Toyota kubwa ya starehe, ningelifunga kesho.