Redio ndogo ya kusikiliza marubani: inamfaa dereva anayesubiri wageni Kisongo?

Madereva wenzangu wa utalii mnaijua adha ya kusubiri wageni Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo. Ndege ikitoka Seronera, huko Serengeti, inapitia viwanja vingine vya porini, na ile saa iliyoandikwa kwenye karatasi ya ofisi inabaki pambo. Ndiyo maana nimenunua redio ya mkononi inayoshika mawimbi ya anga, megahezi 118 hadi 137. Dukani mjini walitaja laki mbili, tukamalizana kwa laki moja na themanini.

Redio koli ya kwenye Land Cruiser haiwezi kazi hii. Ile ni FM, marubani wanaongea kwa AM, namna nyingine ya kubeba sauti kwenye mawimbi. Kwenye AM wawili wakibonyeza pamoja unasikika mluzi, mnara wa kuongozea ndege unajua kuna mtu kafunikwa. Kwenye FM mwenye nguvu angemmeza mwenzake kimyakimya.

Naitumia Mbauda, gari likioshwa. Rubani namsikia safi kwa sababu yuko juu. Mnara unakuja kwa mikwaruzo, majengo yanauziba. Haina shida. Rubani analazimika kurudia maagizo muhimu: njia ya kutua, ruhusa yenyewe, kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kuweka kwenye altimita, saa ya kuonyesha ndege iko juu kiasi gani. Kwa hiyo kwa kumsikiliza yeye tu nimeshajua aliyoambiwa. Akisema zimebaki maili 25, nawasha gari: Karavani, ile ndege ndogo ya safari, inakata kama maili mbili na nusu kwa dakika. Zoeeni matamshi yao tu, tano ni “faifu”, tisa ni “naina”.

Angalizo: sikilizeni rubani anaita mnara gani. Njia ya Arusha na ya KIA, Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, zote zinaitwa 09 na 27 (nyuzi 90 na 270 za dira), kwani zimelala mashariki–magharibi. Si mnaikumbuka ile Boeing 767 ya Ethiopian, Desemba 18, 2013? Ilikuwa iende KIA, ikatua Kisongo!

Ubovu upo. Spika ni ya kitoto, bila spika za masikioni husikii kitu barabarani. Kitufe cha kukata mkoromo wa redio wakati hakuna anayeongea ukikizidisha kidogo kinakata na rubani. Antena imeanza kulegea shinani na dukani wananizungusha, eti dhamana haihusu antena.

Wanaopokea wageni KIA wasihangaike nayo, ubao wa ndege zinazowasili unawatosha.